Raha ya Epicurus kwa mtu mwenye deni la runinga: maelezo ya fundi wa Majengo

Kila tarehe 20 ya mwezi, baada ya magharibi, tunakaa watu sita kwenye baraza yangu hapa Majengo, Pumwani, Nairobi, na chakula chetu ni uji. Majirani walidhani ni hitima ya mtu tusiyetaka kumtaja. Wengine wakasema nimeingia dini mpya. Nimechoka kumweleza mmoja mmoja huku nimeshika pini kwa meno, kwa hiyo naandika mara moja tu. Uji ule umetoka kwa mwanafalsafa Mgiriki aitwaye Epicurus, aliyezaliwa kisiwa cha Samos mwaka 341 KK, na haya ni maelezo ya namna ya kuyatumia mafundisho yake kuhusu raha, kama nilivyoyajaribu mimi mwenyewe kwa miaka mitatu, juu ya cherehani, katika jiji hili.

Nilimjua kwa sababu ya madeni mawili. La kwanza lilikuwa langu. Nilichukua runinga ya inchi 43 ya kulipa kidogo kidogo: kianzio shilingi 6,000, halafu shilingi 180 kila siku kwa mwaka mzima, na usipolipa inazimwa kutoka huko huko waliko wenyewe. Hesabu yake sikuipiga siku ya kuichukua. Niliipiga saa nane ya usiku mmoja, runinga imezimwa, mechi naisikia ukutani kwa jirani. Inafika 71,700. Dukani, kwa pesa taslimu, runinga kama ile ilikuwa 38,000.

Deni la pili nilikuwa nikidai mimi. Kijana mmoja aliyesomea falsafa chuo kikuu alipanga chumba ploti ya nyuma. Nilimpunguzia suruali mbili na kumtilia zipu, siku ya kulipa akaniambia, "Fundi, pesa sina, lakini naweza kukufundisha raha." Nikamwambia raha hainunui uzi. Hata hivyo akakaa kwenye kigoda na kutoa karatasi za fotokopi, barua ambayo Epicurus alimwandikia mtu aitwaye Menoeceus. Ni fupi. Unaimaliza kabla pasi ya makaa haijashika moto vizuri. Siku hizi kijana yule ni mwalimu Kitui, na mimi bado naamini alinilipa zaidi.

Kazi ya kwanza, kabla ya daftari na kabla ya uji, ni kuondoa neno anasa kichwani. Ukisema falsafa ya raha, Nairobi yote inafikiria nyama choma, chupa na asubuhi ya majuto. Jirani yangu Mkristo alinionyesha kwamba Waepikureo wametajwa katika Biblia, Matendo ya Mitume sura ya 17, wakibishana na Paulo kule Athens, na papo hapo akaniambia hao ndio watu wa "tule, tunywe, kesho tutakufa". Tukalitafuta lile neno pamoja. Limo kwa Isaya na limo katika barua kwa Wakorintho, na hakuna mahali pameandikwa kuwa ni la Epicurus. Aliyekuwa karibu zaidi na msemo huo ni mzee mwingine, Aristippus wa Cyrene, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Libya. Huyo alisema raha ni ile ya mwili, ya sasa hivi. Epicurus alimkatalia.

Yeye aligawa raha mara mbili. Kuna raha ya mwendo, na kuna raha ya kutulia. Una kiu, unakunywa maji: utamu ule wa maji yakishuka ni raha ya mwendo. Umemaliza, umekaa, huna kiu: hiyo ni raha ya kutulia, na kwake hii ya pili ndiyo kubwa. Tena alisema jambo lililonifanya nisimamishe cherehani. Maumivu ya kukosa yakishaondoka, raha ya mwili haiongezeki tena, inabadilishwa tu. Mimi napinda leso kila siku, kwa hiyo nililielewa upesi. Leso ni ile ile, upana ule ule. Wewe unalipia maua.

Hali hiyo Wagiriki waliiita ataraxia, yaani kutosumbuka moyoni, na ya mwili wakaiita aponia, kutoumwa. Sisi hatuna haja ya kuhangaika na maneno hayo. Mgeni akitaka kuinuka kukupisha, unamwambia "starehe", maana yake kaa ulivyo, hakuna kinachokudai. Ndiyo hiyo. (Kwamba Starehe pia ni jina la jimbo la uchaguzi, na ndani yake ndimo limo katikati ya jiji na honi zote za matatu, hilo naliachia wenye jiji.)

Sasa daftari. Nunua lile la watoto wa shule la kurasa 32. Usitumie simu, maana simu ndiyo mshtakiwa. Piga mistari upate safu tatu. Ya kwanza ni tamaa za maumbile zilizo za lazima, na humo Epicurus aliingiza zile zinazohitajika ili uishi, zile za mwili usisumbuke, na zile za furaha yenyewe. Ya pili ni za maumbile lakini si za lazima. Ya tatu ni tupu: hazikutoka tumboni wala mwilini, zilitoka kwa maneno ya watu. Waandishi wa zamani waliofafanua fundisho hili walitoa mfano wa mataji na kuchongewa sanamu.

Yangu ilikuwa hivi. Safu ya kwanza: unga, maji, kodi ya nyumba, dawa ya presha, usingizi, mtu wa kuongea naye. Ya pili: pilau ya Ijumaa, samaki wa kupaka, kanzu mpya ya Idi. Ya tatu nilikaa nayo siku nne bila kuandika kitu, kwa sababu mtu hapendi kujiona. Mwishowe niliandika: runinga. Halafu nikaifuta, nikaandika ukweli wenyewe, kwamba sikuitaka runinga, niliitaka inchi. Shemeji yangu wa Umoja ana ya inchi 40.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanajaza safu kwa majina ya vitu. Kitu kimoja kinaweza kukaa safu zote tatu. Chukua simu. Fundi asiye na simu halipwi, kwa kuwa wateja wanatuma kwa M-Pesa, kwa hiyo simu kwangu ni ya kwanza. Simu ya kupigia picha vizuri mishono yangu, labda ya pili. Simu ya kuwekwa juu ya meza kichwa chini ili watu waone kamera zake ni ya tatu. Kwa hiyo usiandike "simu", andika unaitakia nini. Kanuni yangu mimi, si ya Mgiriki: ukijikuta unabishana na daftari zaidi ya dakika tano kutetea kitu, kiandike safu ya tatu uendelee na kazi.

Dalili nyingine ya safu ya tatu ni kwamba haina mwisho. Epicurus anasema utajiri unaodaiwa na maumbile una mpaka, na unapatikana bila taabu kubwa, lakini ule wa fikra tupu unakwenda bila kikomo. Tumbo linasema basi. Hakuna inchi inayosema basi.

Ukishajaza safu, kila tamaa iulize swali moja. Swali lenyewe limo katika mkusanyiko wa misemo uliogunduliwa Vatican mwaka 1888, ndani ya kitabu cha kale cha kuandikwa kwa mkono: hili ninalolitamani likitimia, nitakuwaje, na lisipotimia, nitakuwaje? Andika majibu mawili chini ya kila neno, kwa kalamu, bila kujipendelea. Ya runinga yalikuwa haya. Ikitimia: nitaona mechi, na shemeji ataona runinga. Isipotimia: nitaona mechi kwa rafiki yangu mhunzi, ambaye ana runinga ndogo na maneno mengi, na nitacheka. Ningeyaandika mapema ningebaki na shilingi 33,700. Niliimalizia kulipa, kwani kuirudisha kungekula kianzio na kila siku niliyokwisha kulipa. Wanangu wanaangalia katuni.

Usielewe kwamba safu ya pili imeharamishwa. Kila raha ni njema kwa asili yake, ndivyo anavyosema, lakini si kila raha ni ya kuchukuliwa. Kila maumivu ni mabaya, lakini si yote ya kukimbiwa. Unapima kinachokuja nyuma yake. Kupima mimi ni kazi yangu, nilidhani najua. Januari moja nilipokea sare za shule 60 za siku nne, kianzio kizuri mkononi, raha tupu. Usiku wa tatu nilitia mifuko kinyume kwenye sketi nane na macho yakavimba, mama mmoja akaja kunitukana mbele ya wateja, na haki alikuwa nayo. Mwaka uliofuata nikachukua 25, nikalala.

Kisha zipo siku za ukavu. Seneca, Mrumi ambaye hata hakuwa wa kundi lake, alikuwa wa Wastoiko, kundi jingine la wanafalsafa, anaeleza kwamba Epicurus alijiwekea siku maalumu za kula kidogo sana ili aone kama raha yake kamili itapungua, na ikipungua, ni kwa kiasi gani, na kama kinachopungua kinastahili kuhangaikiwa. Alijisifu kwamba yeye chakula chake kilikuwa chini ya sarafu moja ndogo, na rafiki yake Metrodorus, ambaye hajakomaa hivyo, alihitaji sarafu nzima. Napenda sana kuwafikiria watu wazima wawili wakishindana kwa hilo.

Fanya hivi: chagua siku tatu katika wiki ya pili ya mwezi, si mwisho, kwani mwisho wa mwezi ukavu si hiari. Mimi hula githeri au ugali na sukuma wiki, na chai ya rangi. Matumizi yangu ya mchana, pamoja na vile vitu vya kutafuna ambavyo mtu havihesabu, yalikuwa kama shilingi 320. Yakashuka hadi 110. Lakini pesa si jambo lenyewe. Jambo ni kuandika jioni ulichokikosa kweli kweli. Nilitarajia nitaandika nyama. Siku zote tatu niliandika maziwa ya chai. Siku ya nne nikanywa kikombe cha chai ya maziwa saa nne asubuhi, mguu ukiwa umepumzika kwenye pedali, na siwezi kuwaeleza ilivyokuwa. Epicurus alimwandikia rafiki yake amtumie kijungu cha jibini, ili akitaka afanye karamu. Nilipomaliza kikombe kile nikajua hakuwa akitania.

Mambo mawili ya kuangalia. Mimi ni Mwislamu na Ramadhani nafunga, na siku hizi za ukavu sizichanganyi na saumu hata kidogo. Saumu ina nia na ina Mwenyewe anayelipa. Hili ni jaribio la tumbo. La pili, mwenye kisukari asicheze na mchezo huu, na nyumba ambayo unga wenyewe ni wa kubahatisha isiambiwe habari za siku za ukavu. Mwenye kukosa hajaribu, anajaribiwa. Hata Epicurus alisema kujinyima nako kuna mpaka, na asiyeuona anapotea sawa na mlafi.

Tarehe 20 ndiyo ninayoipenda zaidi. Karibu mwaka 306 KK alinunua bustani nje kidogo ya kuta za Athens, akafundisha humo na kuishi na rafiki zake hadi kufa kwake, mwaka 270 KK. Shule nyingine nyingi zilikuwa hasa za waungwana wanaume. Ya kwake waliingia wanawake na watumwa, na mtumwa mmoja aitwaye Mys, aliyesoma naye falsafa, alimwacha huru katika wasia wake. Wasia huo huo unaagiza wenzake waendelee kukutana kila tarehe 20 ya mwezi kumkumbuka yeye na Metrodorus. Seneca anasema mlangoni mwa Bustani mgeni alikaribishwa kwamba hapa jambo jema kuliko yote ni raha, kisha mwenyeji akamletea uji wa shayiri na maji tele. Nilipolisikia hilo nikacheka mpaka uzi ukakatika. Raha yote ile, kumbe uji!

Na fikiria tarehe 20 ya Nairobi. Mshahara wa mwezi uliopita umekwisha, wa huu uko mbali, mama mboga amefunga kitabu cha madeni. Ni tarehe ambayo watu hujificha. Ndiyo maana nikaichagua bila kuibadilisha. Tuko mimi na mama watoto, mhunzi wa Kamukunji anayetengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi, mama anayeuza ndengu, bawabu wa ghala moja huko soko la Gikomba akiwa hana zamu, na maalim wa madrasa, ambaye hakubaliani na neno hata moja ila hajakosa mwezi hata mmoja. Uji wa wimbi, wenye ndimu kidogo. Anayeleta kitu asilete cha zaidi ya shilingi 100. Kuna mwezi mhunzi alikuja na kuku mzima wa kuchoma, tukamla, naam, lakini mwezi uliofuata wawili hawakuja kwa kuona aibu kuja mikono mitupu. Tangu hapo sheria ni sheria.

Hatuchangi pesa. Hili lazima nilieleze, kwa sababu hapa kwetu watu sita wakikaa pamoja mara mbili, mara ya tatu ni chama chenye mweka hazina. Niliwahi kuwa katika chama, na mweka hazina wetu akahama usiku na shilingi 84,000. Wapo wanafalsafa waliosema mali ya marafiki iwe ya pamoja. Epicurus alikataa, akasema kuunganisha mali ni dalili ya kutoaminiana, na wasioaminiana si marafiki. Sijui kama angelisema hilo kwa mtu anayetafuta karo ya Januari. Vyama vimesomesha watoto wengi, sivitukani. Ila tarehe 20 sanduku halitoki. Bawabu alipolazwa, tulimfuata mmoja mmoja, kila mtu na alichonacho. Msemo mwingine wa wale wa Vatican unasema msaada wenyewe wa marafiki hautufai kama inavyotufaa imani kwamba wangetusaidia.

Alisema pia utafute kwanza wa kula naye, ndipo utafute cha kula, kwa kuwa kula peke yako ni maisha ya simba na mbwa mwitu. Jaribu kuhesabu wiki moja umekula peke yako mara ngapi, umesimama, simu mkononi. Mimi nilipata mara kumi na moja.

Pale barazani kila mtu anasimulia jambo moja zuri la mwezi. Likiwa dogo ndiyo bora. Mama wa ndengu alisimulia mvua iliyomkuta amekwisha kuuza. Tunacheka, lakini zoezi hili lina kazi, na kazi yake niliiona wakati wa maumivu.

Kuhusu maumivu Epicurus anasema makali hayadumu, na yanayodumu si makali kupita kiasi. Simwamini hapo. Nimemuuguza mama yangu miezi saba, na yalikuwa makali na yalidumu. Ningekutana naye ningemwambia. Lakini mwenyewe alikufa kwa jiwe lililoziba mkojo, baada ya siku 14, na katika barua aliyomwandikia rafiki yake Idomeneus mwishoni mwake anakiri kuwa maumivu yamefika ukingoni, hayana tena pa kuzidi, na kwamba anayakabili kwa furaha ya kukumbuka mazungumzo yao ya zamani. Sikulichukua fundisho, nililichukua tendo. Nikawa naketi kwa mama jioni na kumwuliza habari za harusi za hapa Majengo alipokuwa msichana, nani alicheza, nani alianguka jukwaani na ngoma yake. Zilikuwepo jioni alisahau kuomba dawa kwa saa nzima. Jioni nyingine hazikuwepo. Kwa hiyo zikusanye hizo habari nzuri mapema ungali mzima, usingoje kuzitafuta kitandani.

Wafuasi wake walifupisha yote kuwa dawa nne, zilizomo katika gombo la mmoja wao wa baadaye, Philodemus, lililozikwa Herculaneum, Italia, volkeno ilipolipuka mwaka 79 BK: Mungu si wa kuogopwa, kifo si cha kutiliwa wasiwasi, jema hupatikana kwa urahisi, baya huvumilika kwa urahisi. Jina hilo lilikuwa la malhamu halisi ya vidonda, ya nta, mafuta ya mnyama, lami na utomvu. Mimi nachukua mbili na kuziacha mbili. Yeye aliona kila kitu ni chembe ndogo zinazopita katika utupu, roho ikiwemo, na mtu akifa zimetawanyika, basi, hakuna anayeumia. Mimi ninaamini kuna Akhera na kuna hesabu, na maalim akinisikia nasema vingine uji utamwagika. Ila woga wangu mwingi wa kifo, nilipouandika daftarini, ulikuwa ni watu watasema nini wakiona jeneza, na nani atamlipa muuza vitambaa. Woga huo nimeuweka safu ya tatu, na muuza vitambaa nimemlipa.

Jingine nisilolifuata ni shauri lake la kujitenga na siasa na kuishi bila kujulikana. Kutoka kwenye makundi ya simu ya wanasiasa, nimetoka, na usingizi umerudi. Lakini Gikomba imeungua mara nyingi mno, na hatuwezi sote kukaa bustanini tukingoja moshi. Mtu akija kukusanya majina ya kudai maji ya kuzimia moto, jina langu linakuwa la kwanza.

Anayetaka kuja, ni tarehe 20 baada ya magharibi, baraza yenye cherehani iliyofunikwa leso. Njoo na bakuli lako. Yangu ni sita, na moja lina ufa.